Ukinunua santuri mpya, nyimbo za kuweka kwenye simu ziwe ndani ya bei ile ile

Mwana wa Makorora

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la sahani za santuri, na najua humu wapo wanaozipenda kama mimi, wa hapa Tanga na wa kwingine.

Mwezi wa tatu niliagiza LP moja, yaani santuri kubwa, mkusanyiko wa nyimbo za zamani za pwani uliotolewa upya na lebo (kampuni ya kutoa muziki) ya Ulaya. Jina la lebo siliweki. Niliisubiri wiki saba. Ilifika imefungwa vizuri, kava nene, picha safi, karatasi ya maelezo ndani. Jioni ile ile nikaipeleka kwa shangazi yangu Makorora, maana yeye ndiye niliyemnunulia hasa. Shangazi kapita sabini, ujana wake wote umepita kwenye taarabu za Black Star na Lucky Star. Anakumbuka harusi gani ilipigwa wimbo gani, na nani alitoka kwenda kutunza amevaa kanga gani. Akaishika sahani, akaigeuza, akafuata majina kwa kidole mstari kwa mstari. Kisha akaniambia, "Haya mwanangu, niwekee niisikie."

Hakuna pa kuiweka. Pleya yangu iko kwangu. Ile redio yake ya mbao, yenye pleya chini ya kifuniko, ilikufa miaka mingi na sasa ndani mna vitambaa vya kushonea. Akatoa simu chini ya mto. "Basi nitilie humu."

Nikafungua kava lote kutafuta kuponi ya kupakulia nyimbo. Hamna. Nikaingia kwenye tovuti yao: albamu ile ile inauzwa kama faili, kwa bei yake mbali. Nikawaandikia barua pepe, nikaambatanisha risiti. Wakanijibu kwa adabu kwamba sahani ni bidhaa moja na faili ni bidhaa nyingine.

Nakataa. Muuza madafu pale Raskazone hakuuzii dafu kisha akakudai pesa ya maji yaliyomo. Mimi sikununua plastiki nyeusi ya kutundika ukutani. Nimenunua nyimbo, na sahani ndicho chombo chake.

Wala siombi jambo lisilowezekana. Kuponi zenye namba ya siri zilianza kuwekwa ndani ya makava ya santuri huko Marekani tangu katikati ya miaka ya 2000. Bandcamp, tovuti ya wasanii kuuzia muziki wao, iliyoanzishwa 2008, ukinunua sahani kwa msanii kwa kawaida unapewa na nyimbo za kupakua papo hapo, kabla hata sahani haijafika posta. Amazon walianza mwaka 2013: Januari kwa CD, Aprili wakaongeza santuri, na wakarudi nyuma hadi kwa waliowahi kununua tangu 1998. Mtu alinunua CD miaka 15 kabla, anaamka asubuhi anakuta nyimbo zake zinamsubiri. Kumbe kutaka tu.

Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwao. Mzungu anayenunua LP huenda ana pleya sebuleni. Hapa Tanga wimbo unaishi kwenye simu, kwenye flashi ya spika ya nyumbani, kwenye redio ya bajaji, na kwenye WhatsApp ya ndugu walioko Muscat. Sahani bila faili, kwa shangazi yangu, ni picha ya chakula.

Nauliza: santuri mpya iuzwe pamoja na nakala ya kupakua, ndiyo au hapana? Na kama hapana, kwa nini?

---

Sahani Kuukuu Ngamiani

Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho na shangazi nimemhurumia. Mimi nauza sahani za zamani, nazitoa majumbani kwa wazee huku Ngamiani, Chumbageni, mpaka Pangani na Muheza. Nikupe upande wa muuzaji.

Kwanza neno "bure" tuliache. Hakuna faili ya bure. Mwenye lebo akiiweka ndani ya kava, ameshaipigia hesabu kwenye bei. Wewe utalipa, ila hutaona.

Pili, zile kuponi zina shida yake. Namba inatumika mara moja tu, au inakwisha muda. Nimepata kuuza LP mbili tatu mpya zilizopitia mkono wa kwanza, mteja anakwangua kuponi, anaambiwa imeshatumika. Ananirudia mimi kana kwamba nimemwibia. Na aliyeniuzia amebaki na nyimbo zote kwenye kompyuta yake na pesa ya sahani mfukoni. Hapo mwenye nyimbo ni nani? Aliyeuza au aliyenunua?

Tatu, lebo ziliweka kuponi wakati santuri haziuzwi, ilikuwa njia ya kumvuta mnunuzi. Sasa zinauzwa zenyewe. Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 na CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu 1987. Ukiwa na foleni mlangoni huongezi kachori juu.

---

Bint Chumbageni

Naunga mkono hoja ya Mwana wa Makorora. Na kaka Sahani Kuukuu, la tatu ulilosema linaonyesha kwa nini wameacha, halionyeshi kwamba wana haki ya kuacha.

Najua lebo zitasema, siku hizi nani anapakua, si mnasikiliza mtandaoni. Spotify imefunguliwa Tanzania tangu 2021, Boomplay ilikuwepo kabla yake, na mimi nazitumia. Lakini kusikiliza mtandaoni ni kupanga nyumba, si kumiliki. Siku mkataba wa lebo na kampuni ukiisha wimbo unatoweka, na hakuna anayekupigia simu kukuaga. Mimi nilikuwa na orodha ya nyimbo za mama yangu, za kumtuliza usiku akiwa mgonjwa. Siku moja tatu kati yake zimekuwa za kijivu, hazigusiki. Mama akaniuliza mbona ule wimbo huweki. Nilishindwa kumweleza.

Na bando je? Faili ukishaipakua umemaliza, unapiga mwaka mzima bila senti.

---

FundiAmpu

Salaam wote. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, na kazi ya kuhamisha nyimbo kutoka kwenye sahani kwenda kwenye kompyuta naifanya. Kabla hamjagombana zaidi niwaeleze kilichomo, maana wengi hudhani ni kubonyeza kitufe.

Sahani haina haraka. LP ya dakika 40 inahamishwa kwa dakika 40, na ukiharibu katikati unarudia upande mzima. Kabla ya hapo inaoshwa, inakaushwa, sindano inakaguliwa. Baada ya hapo unakata wimbo mmoja mmoja, unaandika majina, unasikiliza tena. LP moja hunichukua saa mbili na zaidi nikiifanya kwa heshima.

Pleya haiunganishwi moja kwa moja kwenye tundu lolote la spika. Sahani inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi na sauti kali huongezwa, kwa sababu besi ikichongwa ilivyo mfereji utakuwa mpana mno, sahani itabeba dakika chache, na sindano itaruka. Wakati wa kupiga, amplifaya yenye sehemu ya pleya hurudisha kila kitu mahali pake. Kipimo hicho kilikubaliwa na viwanda vya Marekani mwaka 1954 na kikaenea duniani. Kwa hiyo ukisikia wimbo uliohamishwa na mtu asiyejua, sauti nyembamba kama ya nzi kwenye kopo, ndiyo sababu. Hiyo sehemu imerukwa.

Sahani za 78, zile za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, ni habari nyingine. Mfereji wake ni mpana, zinataka sindano nene, na hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ukiiangusha inapasuka kama kigae. LP haipasuki hivyo, lakini joto huipinda. Nimeletewa sahani zilizoachwa kwenye gari juani, zimekuwa kama chapati. Na Tanga hii ya unyevu na chumvi, makava yanaota ukungu yakishikana.

Kwa hiyo kuna sababu ambayo hakuna aliyeitaja: kila unapoipiga sahani unaichakaza kidogo kwa sindano. Mwenye sahani anahitaji nakala ili aipumzishe sahani yenyewe. Mimi nasema nakala itolewe.

---

Marimba Bagamoyo

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi nipo Bagamoyo, ni mwanamuziki, nimepita pale TaSUBa, ambacho wakubwa wengi bado mnakiita Chuo cha Sanaa. Naomba mnisikilize kwa sababu mimi nipo upande wa anayetengeneza.

Bendi yetu imepanga kutoa santuri ndogo, ya nyimbo mbili. Hapa kwetu hakuna kiwanda cha kukandamiza santuri. Inabidi kutuma kazi nje. Unalipa anayechonga masta, yaani nakala mama, unalipa vibao vya chuma vya kukandamizia, unalipa sahani zenyewe kuanzia mia na kwenda juu, maana oda ya sahani ishirini hawaitaki. Kisha kava, kisha usafiri wa mzigo mzito kwa ndege au meli, kisha ushuru. Nikimaliza hapo sahani moja imeshakula karibu bei yake yote. Kilichobaki cha kunipa mimi chochote ni faili. Ndugu yangu wa Makorora ananiambia na hiyo nitoe.

Na kuna mrabaha. Marekani kila wimbo unaponakiliwa kwenye sahani, mtunzi analipwa kiwango kilichowekwa. Kilikuwa senti 9.1 ya dola kwa wimbo tangu 2006, kikapanda hadi senti 12 mwaka 2023. Kiwango hicho hicho kinahusu na wimbo unaopakuliwa. Kwa hiyo kwa kiwango hicho cha 2023, LP ya nyimbo 10 ikitoka na kuponi, mwenye lebo mwaminifu alidaiwa dola 1.20 ya sahani na dola 1.20 nyingine ya kupakua. Hiyo "bure" ina mtu anayeilipa, na asipoilipa basi mtunzi ndiye aliyeibiwa.

Mfano wa madafu ni mzuri lakini haukai sawa. Dafu na maji yake ni kimoja, ukinywa yamekwisha. Faili haiishi. Shangazi akiipata, wiki ijayo ipo kwenye kila kibanda cha kuingizia nyimbo kwenye flashi kuanzia Tanga mpaka Korogwe, na anayelipwa ni mwenye kibanda.

---

Mwana wa Makorora

Marimba, marahaba, na ahsante kwa kusema wazi. La mrabaha nakubali moja kwa moja. Sitaki nakala inayomkata mtunzi. Kama ni lazima sahani iongezwe dola mbili ili mtunzi alipwe mara zote mbili, niongezee, na uandike kwenye kava kwamba ndiyo sababu. Nitalipa na nitanyamaza. Kwa hiyo natoa neno "bure" kama alivyotaka Sahani Kuukuu. Nasema iwe ndani ya bei.

Lakini la vibanda silikubali. Vibanda vile havikungoja shangazi yangu. Nyimbo nyingi za zamani za Tanga zimo humo tayari, zimenakiliwa kaseti kwa kaseti, zinavuma, majina yamekosewa, nyingine zimekatwa kichwa na mkia. Aliyelipa pesa halali ndiye anayenyimwa nakala safi, na asiyelipa anayo mbovu kwa shilingi mia mbili. Ukimnyima mnunuzi mwaminifu humzuii mwizi. Unamfundisha mwaminifu njia ya kibandani.

Na nikwambie, mimi mwenyewe jioni ile nilikaribia kwenda. Shangazi ameshika simu, ananitazama. Sikwenda, lakini nilielewa wanaokwenda.

---

Kibokoni

Salama jamani, niko Mombasa. Nimeusoma uzi wenu na nataka kuongeza kitu ambacho nyinyi wa Tanga mwakijua lakini hamjakisema.

Hizo nyimbo mnazozizungumza nyingi zilivuka mpaka. Vikundi vya Tanga vilikuja Mombasa kurekodi na kupiga kwenye harusi zetu, na sahani zilikandamizwa Nairobi, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikirekodi bendi, lakini kanda zake zilikuwa za kurushwa hewani. Basi mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka ukafungwa mpaka 1983. Miaka sita. Sahani iliyokuwa Mombasa ikabaki Mombasa, na masta iliyokuwa Nairobi ikabaki Nairobi.

Mie hapa ninazo sahani za Tanga ambazo rafiki zangu wa Tanga hawajapata kuziona. Nazo zimo kabatini kwangu, hazimfai mtu yeyote wa Ngamiani. Kwa hivyo mtu akizitoa upya halafu akauza sahani peke yake, kwa bei ya Ulaya, amezifungia tena ule mpaka. Faili ndiyo inayovuka Horohoro bila kuulizwa pasipoti.

---

Mtoto wa Mpiga Gita

Nimekaa kimya siku mbili nasoma. Naomba na mimi.

Baba yangu alipiga gita kwenye bendi ya dansi hapa Tanga, miaka ya 60 hadi 70. Sitaji bendi, wala sitaji jina lake. Enzi zile mji huu ulikuwa na Atomic Jazz, ulikuwa na Jamhuri Jazz, na nyingine ndogo chini yake, na kila Jumamosi watu walikuwa na pa kwenda. Walirekodi. Walilipwa siku ile ya kurekodi, wakarudi na basi, basi. Hakupata kuona mrabaha hadi anaingia kaburini.

Miaka michache iliyopita jamaa mmoja akanitumia picha ya LP mpya iliyotoka nje, ndani yake mna wimbo ambao gita la kwanza ni la baba. Nalijua gita lile. Nimelala nalo chumba kimoja. Kwenye kava wameandika jina la bendi, jina la mwimbaji, na baba hayumo. Na hakuna aliyebisha hodi kwetu kabla.

Kwa hiyo mnapojadili faili iwe ndani au nje ya bei, mimi naanzia nyuma zaidi. Mtu akinunua sahani ile anapata kava lenye maandishi, japo pungufu. Anayepokea faili anapata nini? Jina la wimbo na jina la bendi, pengine "Track 04". Na kama Kibokoni anavyosema, faili ndiyo itakayofika huku kwetu, sahani itabaki kwao. Maana yake wajukuu wa baba watausikia wimbo bila kujua kwamba anayepiga ni babu yao.

Kama lebo itatoa faili, itoe na majina ya waliopiga, wote, gita la kwanza, la pili, besi, ngoma, mwaka na mahali. Picha ya kava mbele na nyuma, na maandishi yote ya ndani. Yawekwe humo humo kwenye faili. Fundi atanisahihisha, lakini nasikia inawezekana.

---

FundiAmpu

Inawezekana kabisa. Faili ya MP3 na hata FLAC ina sehemu ya kuandikwa taarifa, jina la mtunzi, wapigaji, mwaka, maelezo, na picha inakaa humo humo. Mtu akiituma kwa mwenzake taarifa zinakwenda nayo, isipokuwa mtu azifute makusudi. Wengi hawaandiki kwa uvivu tu. Pole sana ndugu yangu.

Nawe nikwambie jambo la haki yenu, usikate tamaa. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Inarithiwa. Kama baba alitunga, hata wimbo mmoja, nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkiwa na karatasi za mirathi na chochote kinachoonyesha jina lake. Sahani yenyewe ya zamani, ile lebo ya karatasi ya katikati, mara nyingi ina jina la mtunzi kwenye mabano. Ipigeni picha.

Marimba amezungumza vizuri sana lakini kuna kitu kimoja nataka akifikirie. Wengine humu watasema, fundi si yupo, kila mwenye sahani ahamishe mwenyewe. Sheria za nchi hazifanani. Uingereza waliruhusu mtu kunakili alichokinunua kwa matumizi yake mwenyewe tarehe 1 Oktoba 2014, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta kanuni ile, kwa sababu serikali haikuonyesha vya kutosha kwamba wasanii hawatapata hasara bila fidia. Yaani mtu wa London anayehamisha LP yake kwenye simu yake yuko nje ya sheria. Ndiyo maana nakala ikitoka kwa lebo yenyewe ni safi kwa wote: mnunuzi hajavunja kitu, na mtunzi amehesabiwa.

Pia nakala ya kwangu si sawa na ya kwao. Mimi nachukua kilichomo kwenye mfereji, na mikwaruzo yake. Wao wana masta. Besi ya kwenye santuri huwekwa katikati, herufi za "s" hupunguzwa makali zisisikike zimechanika sindano inapopita. Faili haina hiyo mipaka. Ila wengi wanaweka kwenye kuponi MP3 tu. Ile ya kiwango cha juu, kbps 320, inakula kama MB 2.4 kwa dakika, LP nzima ya dakika 40 ni MB 96. FLAC, ambayo haipotezi kitu, ni mara mbili au tatu ya hapo. Wampe mnunuzi achague. Shangazi anatosha na MP3. Mimi nataka FLAC.

---

Sahani Kuukuu Ngamiani

Mtoto wa Mpiga Gita, pole. Ngoja nitazame kwenye sahani zangu. Ukiniandikia pembeni jina la bendi na miaka, nikikutana na nakala yoyote yenye jina la mzee nitakupigia kabla sijaiuza kwa mtu.

Kwenye mada, mmenisogeza kidogo, sitasema mmenimaliza. La kuponi kutumika mara moja bado linaniuma. Kama nakala ni sehemu ya sahani basi ifuate sahani. Anayeinunua kwangu mkono wa pili naye ana haki ya kuisikia kwenye simu.

---

Marimba Bagamoyo

Mzee Sahani, hapo unataka namba isiyoisha, ichapwe ndani ya kava milele. Mtu mmoja akiipiga picha akaiweka mtandaoni, nimekwisha. Hilo siwezi.

Lakini niwaambie nilichofikia, kwa sababu maneno ya Mtoto wa Mpiga Gita hayakuniacha nilale. Santuri yetu itatoka na nyimbo za kupakua, kupitia Bandcamp, na bei nitaipandisha kidogo na kueleza kwa nini. Ndani ya faili nitaandika kila mtu aliyepiga, mpaka kijana wetu wa kayamba. Lililonibadilisha si hoja ya mnunuzi. Nimejiuliza, mwanangu atausikia wapi wimbo huu mwaka 2060, nikajibu, si kwenye sahani.

Msiniambie tu kwamba ni bure. Nawaomba hilo.

---

Bint Chumbageni

Hatusemi tena, Marimba. Na nitanunua moja, niandikie ikitoka.

Nina swali kwa FundiAmpu. Marehemu baba aliacha sahani ndogo, kama thelathini, zile zenye tundu kubwa katikati. Nyingi wimbo umegawanywa, upande huu Sehemu ya 1, ukigeuza Sehemu ya 2. Tukiwa wadogo kazi yangu ilikuwa kusimama pale kando ya pleya. Gita likianza kupungua natakiwa niwe tayari, ninyanyue sindano, nigeuze, niishushe, na baba asiache kucheza. Nilikuwa na kama pumzi mbili. Nikichelewa ananitazama tu, hasemi kitu. Mpaka leo nikiusikia wimbo wa namna ile mahali unapofikia pale pa kugeuzia mkono wangu unanyanyuka.

Ukizihamisha kwenye simu, unaziunganisha zikawa wimbo mmoja?

---

FundiAmpu

Dada, hilo ni swali la maana kuliko yote. Wimbo uligawanywa kwa kuwa upande mmoja wa sahani ndogo unabeba dakika tatu au nne, na muziki wa dansi ulikuwa unakwenda zaidi ya hapo. Mwenye kanda ya studio, ikiwa bado ipo, anaweza kukupa wimbo mzima kama ulivyopigwa. Mimi ninayefanya kwa sahani nina vipande viwili. Kwenye nyingi sauti imefifishwa mwisho wa upande wa kwanza, na wa pili unaanza upya kwa nguvu. Ukiviunganisha kwa ujanja inasikika kama kidonda kilichoshonwa. Kuna niliowaunganishia, wakaniambia niwarudishie vipande.

Kwa zako nitakufanyia vyote. Vipande viwili kama vilivyo, na pamoja navyo vilivyounganishwa, nikiacha kati nafasi ya pumzi mbili.

---

Bint Chumbageni

Acha pumzi mbili.

---

Mwana wa Makorora

Wakuu, jana nimewaandikia tena wale wa lebo. Safari hii sikuomba faili za bure. Nimewaomba mambo mawili: wauze sahani na nakala pamoja kwa bei moja inayomlipa mtunzi, na waandike majina ya wapigaji ndani ya faili. Nimewawekea na majina manne aliyoyataja shangazi kwa kumbukumbu yake, ambayo kwenye kava hayapo. Wakijibu nitaleta hapa.

Ila shangazi hawezi kungoja lebo. FundiAmpu, naweza kuleta sahani Jumamosi?

---

FundiAmpu

Njoo saa tatu asubuhi kabla jua halijakolea. Usiifunge nyuma ya bodaboda, ishike mwenyewe mkononi, ndani ya kava na kava ndani ya mfuko. Mlete na shangazi kama ana nafasi, nataka aniandikie majina huku inapigwa. Dada wa Chumbageni, na wewe zako zilete siku hiyo hiyo. Zipange zimesimama ndani ya boksi, zisilaliane.